Mgeni Aliyeingia Nyuma ya Shangazi

Saa ya kukamua ilipofika, ng'ombe waliingia zizini kama walivyoingia kila siku, mmoja mmoja, kupitia lango la mabomba ya chuma lililopakwa rangi ya kijani mara nyingi mno hata likanenepa. Mzee Taratibu alisimama kando ya lango, mkono mmoja juu ya komeo, akitaja jina la kila aliyepita. Hakimu. Karani. Mpishi. Fundi Cherehani, ambaye alitembea kwa kudonadona kama sindano. Taratibu hakuwahesabu. Kwenye ranchi ile ng'ombe walitajwa, na asiyetajwa ilijulikana kwamba hayupo. Akishapita wa mwisho, lango lilifungwa. Taratibu aliifanya kazi hiyo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na siku hizi mkono wake ulifunga lango wenyewe, bila kumsumbua kwa maswali.

Wa mwisho siku hiyo alikuwa Shangazi. Zamani Shangazi ndiye aliyetangulia, na wengine wote walifuata mkia wake, lakini sasa alikuwa mzee na mimba yake ilikuwa kubwa, na mtu mwenye mzigo hapigi mbio. Alikuwa katikati ya nguzo mbili za lango ndege ilipotokea.

Ilitoka upande wa uwanja wa ndege, chini kiasi kwamba Taratibu aliona viraka kwenye tumbo lake. Ng'ombe walikurupuka. Waliokwisha kuingia walijazana kwenye ua wa upande wa pili, wakapandana migongoni, na birika la maji likapinduka. Shangazi alipiga magoti ya mbele, akainuka, akaingia. Nyuma yake kilikuja kivuli cha ndege, kikiteleza juu ya majani, na kwa kuwa siku hiyo njia yake ilipita pale pale, kikapita langoni. Taratibu alikuwa amejaa vumbi machoni. Alisikia kitu cha baridi kikimgusa muundi wa mguu, akajua kuna aliyepita.

"Mgeni," alitaja, kwa kuwa hakujua jina lake, na mkono wake ukafunga lango.

Ndege ilikwenda zake, kivuli kikabaki. Kilijigonga kwenye ua wa upande wa pili, kikarudi, kikazunguka zizi lote kama dume jipya linalotafuta upenyo, kisha kikachoka na kulala kando ya birika lililopinduka. Mlio nao ulibaki nacho, maana mlio wa ndege hufuata kivuli chake kama ndama afuatavyo kiwele. Kule angani ndege ilizidi kusonga kimyakimya mpaka ikawa nukta. Zizini mlio ulipungua, ukapungua, ukawa mngurumo mdogo kama wa jokofu lililo chumba cha pili.

Mama Lango alitoka kwenye banda la kukamulia akiwa na ndoo. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kuona lango wazi akanyamaza, liwe lake au la watu, na aliwahi kukatisha hotuba ya harusi ili mtu akafunge. Lango hili la kijani lilichomelewa na marehemu mumewe, kaka yake Taratibu. Alikitazama kivuli, akamtazama shemeji yake.

"Cha nani hicho?"

"Sikijui, shemeji. Kimeingia nyuma ya Shangazi."

"Umekitaja?"

"Nimekitaja."

"Basi kimeingia," alisema Mama Lango, akainua birika lake, akaenda kumkagua Shangazi.

Katika nchi ile ya malisho palikuwa na sheria ya mpotevu, na ilikuwa ya zamani kuliko seng'enge. Mnyama wa watu akijiingilia zizini mwako, na lango likafungwa, humpigi, humfichi, humnyimi maji. Lakini hatoki. Hatoki mpaka mwenyewe aje kwa miguu yake, amwonyeshe kwa kidole, na aseme kwa sauti mbele ya wenyeji mnyama wake ametenda nini: amekula mahindi ya nani, amevunja ua wa nani, amemkanyaga mtoto wa nani. Akishasema, anamchukua, na hapo ndipo mambo yanapokwisha. Faini hakuna. Ni kusema tu. Wengi wangeona afadhali faini.

Hivyo Taratibu akakiwekea kivuli ndoo ya maji. Hakikunywa, lakini hiyo ilikuwa shauri yake. Mgeni ni mgeni.

Lazima ielezwe hapa Shangazi alikuwa nani, maana bila yeye kisa hiki kingekuwa cha ndege, na ndege zina watu wengi wa kuzisemea. Karibu kila ng'ombe wa ranchi ile alikuwa mwanawe, au mjukuu wake, au kitukuu. Msimu uliopita ndege zilipoanza kupita chini wakati wa kukamua, ng'ombe wa malisho ya bondeni walitupa mimba zao, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopokezana habari mbaya. Mama Lango alivizika vijusi kando ya ua kwa mikono yake, na hakutaka kusaidiwa. Jioni zile alikaa jikoni na taa imezimwa, akisema macho yanamuuma. Msimu huu walioshika mimba walikuwa wachache, wakazitupa pia. Aliyebaki ni Shangazi peke yake, na mimba hii ilikuwa yake ya mwisho, daktari wa mifugo alikwisha kusema. Ikiharibika hii, ranchi ingebaki na ng'ombe wanaozeeka tu, na Mama Lango alijua fika kwamba ranchi isiyo na ndama ni nyumba ya wazee inayongoja kufungwa.

Alikuwa amekwenda uwanjani kushitaki. Ofisa Malalamiko alimpokea vizuri, akampa kiti chenye mto. Ofisini mwake mlikuwa na feni, kalenda ya ndege na dirisha linalotazama barabara ya kurukia. Alimweleza kwa upole kwamba hakuna ndege inayoruka chini. Ndege zote huruka kwenye kimo kilichoruhusiwa, na kimo kilichoruhusiwa kwa maana yake si chini. Akiwa katikati ya maelezo ndege ilipita juu ya paa. Madirisha yalitetemeka na bilauri ya maji ikaanza kutembea mezani kuelekea ukingoni. Ofisa Malalamiko aliishika kwa mkono wa kushoto, akaishikilia mpaka mtetemeko ukaisha, akairudisha mahali pake, na wala hakukata sentensi. Mama Lango aliuangalia mkono ule. Ulikuwa umezoea.

Siku ya pili kivuli bado kilikuwa zizini. Jua lilipanda, likapita utosini, likaanza kushuka, vivuli vya nguzo vikazunguka kama ilivyo desturi yao, lakini kile hakikusogea wala kurefuka. Mchana wa joto kali Shangazi alikinusa ukingoni, akaingiza kwato moja, akaingiza ya pili, kisha akajilaza humo mwili mzima na kushusha pumzi ndefu. Wengine walimwona. Kabla ya saa ya maji, ng'ombe wote walikuwa wamelala ndani ya kivuli cha ndege, wamejipanga kwenye bawa la kulia na la kushoto, na Hakimu amejichukulia mkia.

Daktari wa mifugo alifika siku hiyo kumpima Shangazi. Alimwamkia Mama Lango, akaitikiwa, akavaa glavu yake ndefu, akapiga magoti kivulini na kusema ndama yu hai na amekaa vizuri, lakini mama yake asitishwe tena hata kwa chafya. Wakati ananawa, alieleza kwamba ametokea uwanjani kumchanja mbwa wa walinzi, na huko wana matatizo. Ndege yao moja imeshindwa kutua. Ilikuja kama kawaida, ikashuka vizuri, ikakoma kimo cha goti kutoka ardhini, na hapo ikakataa. Ndege hutua juu ya kivuli chake, alisema daktari, na hii haikuwa na kitu cha kutua juu yake. Mafuta yakaisha, injini ikazima, na yenyewe ikabaki hapo hapo hewani. Rubani alishuka kwa ngazi. Mafundi waliisukuma kwa mikono mpaka bandani na kuifunga kamba kwenye kigingi kama mbuzi, isije ikachukuliwa na upepo.

"Wanakitafuta?" Mama Lango aliuliza.

"Wanasema hakijapotea," daktari alijibu, akaomba taulo.

Siku ya tatu Mama Lango alitoka asubuhi akiwa ameshika kiuno. Mgeni siku mbili, alisema, ya tatu mpe jembe. Taratibu akakiswaga kivuli kwa fimbo, polepole, kikajikunyata na kwenda mpaka kwenye banda la maziwa, humo humo zizini, kikatandazwa juu ya madebe. Maziwa ambayo yalizoea kuchacha kabla ya gari la kuyachukua kufika, siku hiyo yalifika mjini mabichi, na mwenye gari alitaka kujua wamenunua mashine gani.

Basi zikaja ndege nyingine. Pengine zilikuja kukitafuta kile cha kwanza bila kukiri kwamba zinakitafuta, na ili kuona vizuri zilishuka chini zaidi ya mwanzo. Safari hii Taratibu hakuwa na vumbi machoni. Aliliacha lango wazi, akasimama kando yake. Kivuli kikiingia, alitaja na kufunga. Mgeni wa Pili, alitaja. Mwenye Kibiongo. Mrefu. Huyu Naye. Kila mara lango lilipogonga nguzo, mlio ulikatika kama redio iliyochomolewa waya, ndege ikaendelea na safari yake kimya kama kishada, na ng'ombe wakaendelea kucheua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Taratibu alisema, na hiyo ndiyo hotuba pekee aliyoitoa juu ya jambo lile. Usiku alilala fofofo. Mama Lango aliwasha taa ya jikoni tena, na mara mojamoja alisikika akiimba, kwa sauti mbaya, ambayo marehemu alikuwa akiipenda.

Ofisa Malalamiko alikuja kwa gari. Alisimama nje ya lango kwa viatu vyake vyeusi, akavitazama vivuli vilivyolala pamoja na ng'ombe. Alisema uwanja umejaa ndege zinazoning'inia na mafundi wanagonga vichwa. Alisema vivuli hivyo ni mali ya serikali na vinahitajika leo leo. Mama Lango alimpa kiti, kisicho na mto, maana ranchi haikuwa na mito ya viti, na kumweleza sheria ya mpotevu toka mwanzo mpaka mwisho. Ofisa alisikiliza vizuri. Kusikiliza ndiyo kazi iliyomweka mjini.

"Kwa hiyo nikisema ndege zetu zilipita hapa chini, nitavichukua?" aliuliza.

"Utavichukua, baba. Ila ungekuja kwa miguu."

"Lakini ndege zetu hazipiti chini."

"Basi hivi si vyenu," Mama Lango alisema. "Vya kwenu vitakuwa viko kwenye kimo kilichoruhusiwa."

Ofisa Malalamiko aliinuka kitini. Kisha aliomba aingie ajaribu. Alivuta kivuli kimoja kwa ncha ya bawa, kikamponyoka. Akajaribu kukikunja kama shuka, kikajikunjua. Karani, ng'ombe aliyekuwa amelala juu ya kivuli hicho, alimtazama mpaka akaona haya. Aliondoka na mavumbi magotini, na kabla ya kupanda gari aligeuka kufunga lango, akakuta Mama Lango amekwisha kulifunga.

Rubani wa ile ndege ya kwanza alikuja kwa miguu. Kutoka uwanjani mpaka ranchi ni mwendo, na aliyezoea kuuona ulimwengu kwa kupepesa macho alifika amechoka, buti zimejaa vumbi jekundu, masharubu yamelegea. Hakutumwa na mtu. Alisema tu kwamba kila asubuhi anakwenda kazini na kukuta ndege yake imefungwa kigingini, na hawezi kuitazama. Alisema anaipenda. Mama Lango alipenda hivyo alivyosema, akamwonyesha zizi.

"Ingia ukionyeshe."

Aliingia. Ndipo ilipojulikana shida yake. Vivuli vilikuwa vingi, vyote vya ndege za aina moja, na mchungaji yeyote angemtambua mnyama wake kwa mwendo, kwa baka, kwa namna anavyoitika akiitwa. Rubani alizunguka mara moja, akazunguka tena. Akasimama katikati ya ng'ombe, mikono imemning'inia.

"Sikijui," alisema. "Nimeruka nacho miaka yote, sijawahi kukitazama hata siku moja."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Mbele."

Hilo lilikuwa jibu la kweli na Mama Lango hakumcheka. Alimwambia akae. Mnyama asiyemjua mwenyewe huzoeshwa, na mwenyewe asiyemjua mnyama vilevile. Rubani akakaa chini, mgongo kwenye birika, karibu na Shangazi. Akakaa hapo kutwa, na kesho yake akarudi, akakaa tena, akisaidia kubeba majani na kujifunza majina. Hakimu alimlamba kofia.

Alikuwa na kosa moja tu, nalo ni la watu wote wa angani. Kule hakuna malango. Mtu anapita na kuendelea, na nyuma yake mawingu yanajifunga yenyewe. Kwa hiyo saa ya kukamua ilipokaribia, alipoingia na mzigo wake wa mwisho wa majani, aliliacha lango la kijani wazi, pana, na wala hakugeuka. Taratibu alikuwa kisimani. Mama Lango alikuwa amepiga magoti nyuma ya Shangazi, kwa kuwa Shangazi alikuwa ameanza uchungu.

Wakati huo huo ikaja ndege ya Mkuu wa uwanja. Mkuu alikuwa amechoka na habari za vivuli. Alitangaza mezani kwake kwamba ataruka mwenyewe juu ya ranchi ile, kwenye kimo kilichoruhusiwa, ili kila mtu aone kwamba hakuna kitu. Ndege yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilikuja chini mno hata majani ya malisho yakalala, na bati la banda la maziwa likainuka upande mmoja.

Rubani aliangukia tumbo. Hakuwahi kuusikia mlio ule kutoka chini, na sasa aliusikia kwa mbavu na kwa meno, na alijua bila kuambiwa kwamba yeye mwenyewe ameupitisha hapa juu ya viumbe hawa siku nyingi, akitazama mbele. Ng'ombe waliinuka wote kwa pamoja. Vivuli navyo viliinuka, vikaona lango wazi, vikaanza kuelekea huko kwa mkupuo, na kati yao na lango alikuwa Shangazi, amelala ubavu, miguu ya mbele ya ndama imekwisha kuchungulia. Mama Lango hakuinuka. Alijilaza juu ya Shangazi, mwili wake wote, akasema mara moja tu, si kwa kelele:

"Lango."

Rubani aliinuka, akakimbia. Alikimbia akiwa ameinama kama anayepita chini ya bawa, na kivuli kikubwa cha Mkuu kilikuwa kinaingia langoni naye akakutana nacho pale pale, kikampita kama maji ya baridi mpaka kifuani. Akashika bomba la kijani kwa mikono miwili, akalisukuma. Hakujua jina la kutaja. Alitaja alilokuwa nalo.

"Bosi," alisema, akafunga.

Mlio ukakatika. Vivuli viligonga lango, vikarudi nyuma, vikatulia. Ng'ombe walisimama wakitetemeka, kisha Karani akainamisha kichwa na kula majani. Ndege ya Mkuu ilikwenda zake bila sauti, ikiwa nyepesi na tupu juu ya malisho. Katika kimya hicho Shangazi alisukuma, Mama Lango akavuta, na ndama akatoka, amelowa, mzito, jike, akapiga chafya kabla ya mtu kumpangusa.

Mama Lango alilia. Hakulia kwa ajili ya vijusi kando ya ua, alikwisha kuvililia. Alilia kwa furaha, waziwazi, mikono imejaa damu na ute, na Taratibu, aliyefika na ndoo za maji, alizimwaga chini zote mbili kwa kusahau kwamba amezishika. Walimwita ndama Mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa, na huyu alikuwa amepona.

Rubani alisimama mbele yao akiwa bado ameshika lango. Akasema kwa sauti, mbele ya wenyeji, kama sheria inavyotaka. Alisema alipita hapa chini. Alisema ilikuwa njia ya mkato na ilikuwa na raha, majani yakilala na ng'ombe wakikimbia kama mchezo. Alisema kivuli chake kimeharibu mimba, na kwamba anasikitika. Alipomaliza, kivuli kimoja kilishuka kutoka kwenye banda la maziwa, kikaja polepole mpaka kwenye buti zake na kulala hapo. Hakuhitaji kukionyesha kwa kidole. Alikiangalia sana. Aliona kwamba bawa lake la kushoto lina ncha butu kidogo, kitu ambacho hakuwahi kukijua. Mama Lango alimfungulia lango, naye akaondoka kwa miguu, kivuli kikimfuata nyuma njia nzima, na alipotoka alifunga.

Baada yake walikuja wengine. Walikuja mmoja mmoja, kwa miguu, wengine wamebeba viatu mkononi. Baadhi walisema yao kwa sauti kubwa wakitaka kumaliza haraka, na wengine walihitaji kukaa na ng'ombe kwanza. Mmoja alisema kwa maneno mazuri mno, yenye utangulizi, na kivuli chake hakikusogea mpaka aliposema tena kwa maneno mabaya. Mama Lango aliwasikiliza wote amesimama. Kila aliyetoka alikwenda na kivuli chake, na kila kivuli kilichotoka hakikurudi, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa mpotevu aliyesemewa. Anga juu ya ranchi ikawa anga tu. Ng'ombe wa malisho ya bondeni walipandwa, wakashika mimba, na mimba zikakaa. Shangazi alirudi kutangulia mbele, polepole, na Mwenyeji akimgonga kiwele kila hatua. Daktari wa mifugo alikuja siku moja bila kuitwa, akapima wote, akavua glavu na kusema hana kazi hapa. Siku hiyo walikaa jikoni wakinywa chai mpaka ikaisha, na Mama Lango akaimba tena.

Mkuu hakuja. Ndege yake inaning'inia bandani mpaka leo, na mafundi huanikia ovaroli zao kwenye magurudumu. Redio ilitoa taarifa ya uwanja, iliyosomwa na Ofisa Malalamiko mwenyewe, kwamba hakuna ndege iliyowahi kuruka chini juu ya ranchi ile, na kwamba hazitaruka tena. Mama Lango aliisikiliza akiwa anachuja maziwa. Alicheka mpaka akaweka chujio chini.

Kisha siku moja, asubuhi, mwanamke alishuka kutoka kilimani, akiwa amebeba kitu kwenye kanga. Alikuwa mfuga mbuzi wa upande wa pili. Aliufungua mzigo wake mezani: mtoto wa mbuzi asiye na manyoya bado, mdogo kama kiatu. Alisema huko kwao ndege zimeanza kupita saa ya kukamua. Amekwenda uwanjani, amepewa kiti chenye mto. Aliposikia habari za vivuli alijaribu kufunga zizi lake, lakini lango lake ni la miiba, na vivuli hupenya kwenye matundu ya miiba kama maji kwenye tenga.

Mama Lango alimfunika yule mtoto wa mbuzi kwa kona ya kanga. Alitoka nje, akamwambia shemeji yake ang'oe lango.

"Na sisi, shemeji?" Taratibu aliuliza. "Zizi litakaa wazi?"

Mama Lango alielekeza kidole kwa kivuli cha Mkuu, kilichokuwa kimelala uani tangu siku ile bila mtu wa kukisemea, kikubwa, kimenona, hakina kazi. Taratibu akaelewa. Alikiswaga mpaka katikati ya nguzo mbili, akakilaza hapo kama kizingiti. Fundi Cherehani ndiye aliyetaka kutoka wa kwanza. Alifika kivulini, akaona ubaridi wake ni mzuri, akakunja magoti, akalala. Waliomfuata walilala nyuma yake. Hakuna aliyetoka.

Lango la kijani lilipanda kilima juu ya mkokoteni, bawaba zake zimefungwa kitambaa zisipige kelele. Mama Lango na yule mwanamke walitangulia, na kwa namna walivyokuwa wakizungumza mtu angedhani ni ndugu. Taratibu alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akalitundika, akalijaribu mara kadhaa, akatia mafuta. Kisha alimwomba mwenye mbuzi ampe majina yao, toka wa mbele mpaka wa nyuma, maana huwezi kumjua mgeni kama hujawajua wenyeji.

Saa ya kukamua ilipofika, mbuzi walianza kuingia. Taratibu alitaja. Kutoka upande wa uwanja mlio ulisikika, mdogo, ukikua. Mwenye mbuzi alimtazama. Taratibu aliweka mkono juu ya komeo na kuendelea kutaja, na wala hakuwa na haraka.